Kamba Niliyopewa Niikate

Mpendwa Bibi Zulma,

Nisaidie kwa safu yako ya gazeti kabla ya Ijumaa, maana sina tena wa kumwambia. Mimi ni mfunga mizigo katika yadi moja ya kuundia majukwaa ya mafuta huku Terrebonne, kazi yangu ni kuifunga mizigo ya chuma kwenye kulabu ya kreni, na mkuu wetu wa ufungaji ni baba mkwe wangu, ambaye nitamwita Mzee Ovide ingawa silo jina lake, miaka thelathini na minane kazini na hajawahi kudondosha hata nati, ndiye aliyenifundisha kazi na ndiye aliyenipa binti yake, na Ijumaa asubuhi anainua mzigo wake wa mwisho, ngazi ya chuma ya jukwaa la mafuta, tani kumi na nane, kisha anastaafu, na mke wangu na dada zake wameshaagiza kaa wa kuchemsha wa kulisha ukoo mzima.

Kosa ni langu, Bibi. Mwezi wa Agosti tuliikataa kamba moja ya waya, nyuzi zake saba zilikuwa zimekatika mahali pamoja karibu na kitanzi, na sheria ya yadi ni kwamba kamba iliyokataliwa inakatwa vipande kwa moto wa gesi siku hiyo hiyo ili asije mtu akaitumia tena, nikapewa mimi niikate, lakini kimbunga kilikuwa kimetangazwa na wewe unajua huku kila mwenye mashua anahangaika kutafuta cha kuifungia, nikang'oa kile kibati chake kinachoonyesha uzito inaoweza kubeba, nikaitia kamba nzima nyuma ya gari, nikafunga nayo mashua yangu. Kimbunga kikapita, mashua ikasalimika, kamba nikaitundika kwenye banda nikaisahau.

Mwezi uliopita, nikiwa safarini kwa dada yangu, Mzee akaja kuazima pampu, akaiona, akamwambia mke wangu, "Vijana wa leo wanatupa kamba nzima, kesho watatupa na wake," akaibeba, akaipaka grisi, akaivalisha kibati cha kamba nyingine, akaitundika yadini pamoja na zilizo nzima. Nimeiona juzi, ni ya tatu kati ya nne alizozitenga kwa ajili ya Ijumaa, nimeijua kwa rangi ya bluu ya mashua yangu iliyoingia katikati ya nyuzi, na mke wangu nilipomuuliza ndipo akanisimulia.

Nimejaribu kusema. Nikamwambia, "Baba, hii ya tatu siipendi." Akaipitisha kiganjani, na macho yake siku hizi yana ukungu, akasema, "Wewe umeambiwa uifunge, hukuambiwa uipose." Watu wakacheka, hata mwendesha kreni, nami nikacheka nao. Nikisema ukweli nafukuzwa kwa kuchukua kamba iliyokataliwa, na yeye anaondoka na aibu ya kibati cha uongo katika wiki yake ya mwisho, na mke wangu sijui atamtazama nani usoni. Najiambia labda itashika, tani kumi na nane kwa kamba nne si nyingi. Lakini Mzee ana mazoea yake, mzigo ukiachana na ardhi huuwekea kiganja na kwenda nao hatua kwa hatua mpaka utue, tumemkataza mpaka tumechoka. Nifanye nini?

Mfunga Mizigo

*

Mfunga Mizigo, mjukuu wangu,

Barua yako nimesomewa mara mbili, kwa kuwa shule mimi niliipita kwa nje tu, na ile mara ya pili nilimkatisha msomaji kabla hajamaliza. Hukuacha namba ya simu. Gazeti linatoka Jumatano. Basi una leo na kesho, na nakuomba usiingoje kesho.

Pole. Umebeba kitu kizito na umekibeba peke yako. Pole imeisha, sasa nisikilize.

Labda itashika? Marehemu mume wangu alifunga mizigo yadi hizo hizo, na siku moja kamba yao nayo ilikuwa ya labda. Kamba ya waya haichaniki polepole kama gauni ikupe nafasi ya kukimbia. Ilikatika, ncha ikarudi kama mjeledi, ikaondoka na taya la mwenzake aliyekuwa amesimama mbali akidhani yuko salama. Miaka kumi na moja nilimpikia yule bwana uji.

Na hizo hesabu zako za kamba nne, nani alikwambia zinagawana mzigo sawa kama ndugu wema? Chuma kigumu huning'inia kwenye mbili, nyingine zinasindikiza tu, na kadiri zinavyotanua miguu ndivyo kila moja inavyoumia zaidi. Hayo nayajua mimi nisiyeweza kuandika jina langu. Wewe una cheti.

Kibati cha uongo ni kosa la mzee, na atalijibu mwenyewe, ni mtu mzima. Lakini lako lilitangulia. Ungeikata Agosti, leo asingekuwa na kamba ya kuivalisha. Usijifiche nyuma ya aibu yake.

Leo ukitoka kazini mfuate akiwa peke yake, mkeo asiwepo, na hao wachekaji wasiwepo. Usianze na macho yake. Anza na wewe: "Baba, Agosti nilipewa kamba niikate, sikuikata, ndiyo ile uliyoikuta bandani kwangu." Halafu funga mdomo. Mpeleke kwenye kamba, futa grisi, pitisha tambara kavu, si kiganja. Tambara litanasa kwenye nyuzi zilizokatika. Mwache aguse mwenyewe pale liliponasa. Kisha mpe yeye moto wa gesi aikate, vipande vifupi visivyofaa hata kumfungia mbwa. Asubuhi nendeni wote wawili kwa msimamizi mkaseme yote, na kamba zote zikaguliwe upya. Ngazi ikingoja mpaka Jumatatu, haitalia.

Akikataa, kwa msimamizi nenda peke yako. Na huko nako wakikucheka, Ijumaa simama mwendesha kreni anapokuona, kabla mzigo haujaachana na ardhi, nyoosha mikono yote miwili, viganja chini, uipeleke huku na huku. Ishara ya kusimamisha haina mkubwa wala mdogo, hata mfagiaji akiitoa kreni inasimama. Usiishushe mikono kwa sababu mtu kakuita mwoga.

Siku mtakayoinua, mzee apewe kamba ndefu ya kuuongozea mzigo, asimame mbali. Mzigo haupapaswi, si ng'ombe.

Unaweza kufukuzwa, sikudanganyi. Ukifukuzwa, njoo na mkeo, nyumba yangu iko nyuma ya kanisa, wali haukosekani na paa langu linataka fundi.

Na mzee atakukasirikia. Pengine Krismasi itafika hajakupa mkono. Vumilia. Hasira ya mtu aliye hai unaipikia chakula, inakaa nawe mezani, na siku moja inakuomba uipitishie chumvi.

Bibi Zulma