Kisima Tulichokifukia Chini ya Chumba cha Mama

Nyumbani Newala,
14 Juni 2025

Mpendwa kaka yangu Salmini,

Assalaam alaykum. Shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Bukoba, wewe na wifi Faudhia na mwanangu Tahiri. Lile jino lake limepoa? Sisi huku miili inakwenda, ila moyo wangu hauko sawa hata kidogo.

Nakuandikia kwa sababu simu hupokei. Jumanne nilikutajia kisima tu, ukakata, na tangu hapo kimya. Haya, karatasi haikatwi. Kaa chini uisome yote.

Tetemeko nadhani ulilisikia redioni. Lilipita Jumatano ya wiki iliyopita, saa tisa alasiri, watu wengi wako mashambani wanapulizia mikorosho salfa. Mama alikuwa uani anachambua mbaazi. Chumba chake kikapasuka kuanzia dirishani hadi chini, pembe ya nyuma ikatitia, na ufa wenyewe mkono unaingia. Alhamdulillahi alikuwa nje. Lakini vyumba vingine vya nyumba hiyo hiyo havikupata kitu cha maana, na kwa jirani yetu Bi Sikuzani, hatua ishirini tu, ukuta haukupata hata ufa.

Ndipo maneno yakaanza. Kwa nini chumba kimoja? Kwa nini cha kizee yule? Unawajua watu wetu. Sasa wanasema Mama ana mambo yake na ardhi imemkataa. Bi Sikuzani, aliyekuwa haipiti siku bila kuja kuomba chumvi, anapita upande wa pili wa njia, na wajukuu zake wamekatazwa kunywa maji kwetu. Na ile methali ya ufa na ukuta usiniambie, nimeshaisikia mtaa mzima.

Mama naye ukaidi wake unaujua. Amerudi kulala humo humo. Anasema akitoka atakuwa amekiri uchawi. Na ardhi imeshatikisika tena mara mbili, kidogo kidogo, na kila mara vipande vya ukuta vinaanguka kitandani kwake. Kaka, nitafanyaje mimi?

Jumatatu alipita mtaalamu wa miamba, Bwana Cyril, anakagua nyumba zilizoumia. Nikamuuliza, naye akanieleza bila haraka. Tetemeko ni moja, ila ardhi haitikisiki sawa. Penye mwamba mgumu linapita upesi na mtikisiko unakuwa mdogo. Penye udongo laini mawimbi yake yanapunguza mwendo na kuvimba, kama uji unavyoendelea kucheza na bakuli limeshatulia. Ndiyo maana binamu yetu Muharami kule Masasi, nyumba yake iko juu ya jiwe, alidhani ni lori limepita, na sisi wa juu ya mchanga huku tulishikilia miimo ya milango. Kisha akachoma nondo pembeni mwa ukuta wa Mama. Ikazama kama kwenye ugali. Akanitazama. "Dada, hapa chini mlifukia nini?"

Wallahi nilikosa pa kuuweka uso.

Hukusahau, najua. Mama alikuwa Ndanda anamuuguza Bibi, sisi tukataka akirudi akute chumba kipya. Bomba lilikuwa limefika mtaani, tukaona kisima cha maji ya mvua alichochimba marehemu Baba hakina kazi tena. Tukakifukia kwa siku tatu: mchanga, maganda ya korosho, matofali mabovu, hadi magunia. Hatukushindilia. Juu yake fundi akajenga. Mama aliporudi akauliza, wewe ukashika msahafu ukaapa kwamba tulijaza mawe kutoka bondeni, tukayashindilia tabaka kwa tabaka. Mimi nilikuwa pembeni nikaitikia ndiyo.

Nimeshamwambia ukweli. Alinizaba kofi, mimi mwenye watoto wanne! Anasema namsingizia kaka yangu ili nimtoe nyumbani kwake, na Salmini wake haapi uongo. Kuongea nawe simuni hataki, eti nitatafuta mtu wa kuiga sauti yako. Bwana Cyril yuko tayari kuchimba mbele ya majirani waone kilichomo, lakini Mama amekaa kizingitini, hataki jembe liguse.

Mwandiko wako ndio anaouamini. Barua zako zote ziko sandukuni, anazisoma mwenyewe kwa miwani yake. Basi nakupigia magoti, kaka. Andika kwa mkono wako. Mistari miwili inatosha: tulifukia mchanga na takataka, niliapa uongo, Mama toka. Usiipige picha, anataka karatasi aishike. Mpe dereva wa basi kesho yake. Najua unaogopa aibu ya ule msahafu. Mimi pia naogopa. Lakini mficha uchi hazai, na toba ipo kwa anayeitaka.

Msalimie sana wifi, Tahiri mbusu kwa niaba yangu. Muharami anakusalimu. Mama hajui kwamba nakuandikia. Angejua, angeniambia nikuulize kama unakula vizuri na kama baridi ya ziwani haikusumbui kifua. Mwenyezi Mungu akulinde na akupe moyo wa kusema.

Asubuhi ya leo nimehamishia mkeka wangu chumbani kwake, upande ule wenye ufa. Amenifukuza, nimekataa. Shimo hili nililifukia na mimi, hatalala juu yake peke yake. Ukichelewa, kaka, njoo na sanda mbili.

Ni mimi mdogo wako, nakupenda hata leo nikiwa na hasira nawe,

Rahima