Soketi ya Kisimani

Ifakara, 2 Machi 2025

Kaka Venance,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila goti la Mama limeanza tena na mvua hizi. Wewe na wenzako wa nguzo za umeme huko Masagati mnaendeleaje? Kwa kuwa simu yako haipatikani, barua hii nampa dereva wa lori la mpunga.

Soketi uliyotutumia fundi William ameifunga kisimani, tumechomeka pampu. Nilimweleza Mama kama ulivyosema, kwamba umeme ukivuja inakata, na inajipima yenyewe. Mwanzoni kitaa chake kilikuwa cha kijani. Mama akacheka, "Hii soketi au duka la dawa?" Juzi radi ilipiga, kikawa chekundu. Mama amefurahi. Anasema sasa ndiyo umeme umefika, maana soketi za ndani zote ukiziwasha zinaonyesha nyekundu. Anafua palepale, pekupeku, maji yakitiririka. Anasema ahsante sana.

Mdogo wako,
Rosemery

Masagati, 9 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Pole na goti.

Mama, nyekundu ya soketi hiyo haina maana ya umeme kufika. Imejipima, ikaona imeharibika. Umeme bado inatoa, lakini ukivuja haiwezi kukata tena. Usiiguse, wala pampu. Baba azime meinswichi, William aje aitoe. Kwa sasa vuta maji kwa kamba, hata kama utanitukana. Habari ya rangi sikuwaambia. Sikuwaza.

Mwanao,
Venance

Ifakara, 6 Aprili 2025

Kaka,

Shikamoo. Pole na safari ya kurudi. Sisi tupo. Baba anakula kidogo.

Pikipiki iliyokuletea habari za msiba ilipita kwenye tope, lori likakwama. Kwa hiyo ulifika kumzika Mama kabla barua yako haijafika, ukalala usiku mmoja tu, na habari ya soketi hatukuizungumza. Dereva aliileta ulipokwisha kuondoka, tukiwa tunakunja turubai. Juu pameandikwa jina la Mama. Niliiweka kabatini. Jana nikaifungua.

Shangazi Merina alikuwa anafua kisimani. Baba amenunua pampu nyingine. Nilipomwambia Shangazi aache, akasema, "Iliyomuua ni pampu ile, ilivuja umeme. Soketi nzima, si unaona inawaka?" Majirani wakacheka kidogo. Unanijua, mbele za watu sisemi. Nikaingia ndani nikazima meinswichi. Redio ikanyamaza.

Baba akafoka, "Nani kakutuma, wewe?"

Nikatoka na barua, nikaisoma yote kwa sauti, kuanzia "Mama mpendwa". Shangazi akatoa mikono kwenye beseni. Jioni William akaja akaitoa soketi.

Bado sijalia. Watu wananiuliza, nawaambia nimechoka.

Barua nimeirudisha kwenye bahasha yake. Ukiandika tena, juu andika jina langu.

Mdogo wako,
Rosemery