Beseni la Hildegardi

Tereza, kitendawili! Nina viti sita nyumbani lakini nakula nimesimama. Usinipe mji, jibu ni mimi.

Leo kwenye jumuiya nimesali rozari nzima nimesimama. Mwenyekiti akanisifu mbele ya watu: "Tazameni ibada ya Bibi Getrude!" Ibada gani, mwenzangu? Ni ule mchaniko wa njia ya haja kubwa. Nikikaa ni kisu.

Tulipotoka Hildegardi akanivuta pembeni. "Dada, mimi nilisimama hivyo hivyo mwaka jana. Zahanati walinipa dawa ya kupaka, wakaniambia nile mboga, ninywe maji mengi, na kila nikitoka chooni nikalie beseni la maji ya uvuguvugu. Wiki sita nikapona. Ingeshindikana, ningekwenda Songea kwa upasuaji mdogo."

Wiki sita, Tereza! Na mimi mwezi wa nne huu nakunywa mizizi ya sokoni!

Lakini hilo siyo lililoniuma. Eti maji alichemshiwa na mumewe. Alphonce! Alphonce yule asiyejua chumvi inakaa wapi! Alikuwa anayapima kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga. Kwa kiwiko!

Nimefika nyumbani nikamwambia mume wangu Florian yote, aibu nimeiacha mlangoni. Akasema, "Kesho nakupeleka zahanati." Nikamjibu, zahanati naijua njia yake. Beseni je?

Sasa yuko jikoni anapuliza kuni, moshi umejaa nyumba nzima.

Tereza, ukimwona Hildegardi, mwambie apite kwangu. Apite sasa hivi, aone.