Maua Pamoja na Mizizi

Mushaki, Jumamosi

Uniwie radhi, daftari, kwa kukunyamazia miezi miwili; mabomu yalikuwa na mengi ya kusema kuliko mimi.

Leo mke wangu alinituma nikalete maua ya altare. Katika shamba la jirani yetu, Mama Zawadi, mteja hujichumia mwenyewe. Ustaarabu mkubwa, kwa kuwa wafanyakazi wote wamekimbia.

"Papa mwalimu, ng'oa na mizizi," alisema huku akifunga godoro lake. "Miye kesho niko naenda Goma. Nitaachia nani?"

Niling'oa manne, kwa utii nisiouzoea.

Mke wangu aliyapokea. "Ya kukata ingetosha kwa altare. Sasa hii, tunaipanda hapa, ao tunaibeba?"

Yamo ndooni, mlangoni. Naogopa. Nitakuandikia tukishaamua yapandwe wapi.