Nililia Mashine, Nikasema Namlilia Baba

Mpendwa Mama Léocadie,

Naomba unisaidie, na kwanza unisamehe kwa kukupotezea nafasi ya ukurasa, maana najua watu wanakuandikia juu ya ndoa zinazovunjika na watoto waliopotoka, na mimi nakuja na mambo ya televisheni. Nimeandika gazetini kwa sababu mama yangu hasomi, yeye ni mtu wa redio, na ningeandika redioni angenitambua kabla barua haijafika katikati. Mke wangu anasoma ukurasa wako kila Ijumaa, lakini yeye hili analijua tayari.

Mimi ni fundi wa magari hapa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ni mtu mzima, nina mke na garaji. Baba yetu alifariki mwezi uliopita, Mungu amrehemu, na mimi ndiye kifungua mimba wake, kwa hiyo siku ile nilikimbia huku na huku, sanda, kaburi, turubai, gari la kuwaleta wajomba kutoka Rumonge, chakula cha wageni, na katika mbio zote hizo sikutoa hata chozi moja, wala kaburini, wala tuliporudi nyumbani, wala siku zilizofuata. Wanaume walinisifu wakasema huyu kweli ni mwanamume. Mama hakunisifu. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia wanawake waliokuja kumpa pole kwamba moyo wa mwanangu umekuwa jiwe, baba yake amekwenda na yeye anapanga viti.

Sasa kuna hii seri mpya ya televisheni, nadhani hata wewe umeisikia, maana kartie nzima, mtaa wote, haina habari nyingine. Ni hadithi ya mji mmoja wa milimani, wakati ujao, watu wanaishi na mashine za kuwatumikia, na katika nyumba moja mashine imezeeka na kila ikiandaa chakula inaweka sahani moja zaidi, ikiulizwa inasema ni ya mtoto, na wenye nyumba wanasema hatujawahi kuwa na mtoto, wapelelezi wanakuja, wanapekua, hakuna picha, hakuna nguo, hakuna mtu anayemkumbuka isipokuwa mashine peke yake. Basi Buyenzi imegawanyika. Wako wanaosema mtoto alikuwapo na watu wamefutwa kumbukumbu, wako wanaosema mashine imeharibika kichwa. Garajini kwangu wateja wanabishana hadi wanasahau kuuliza gari limepona au bado, na nimewaona wazee wawili wakitoka msikitini wanabishana, viatu bado viko mkononi.

Tunaitazama kwa mama kwa sababu televisheni yake ni kubwa, na kwa sababu tangu msiba hatutaki akae peke yake. Siku ninayotaka kukueleza tulikuwa mama, mimi, mke wangu ambaye hapa nitamwita Amira, na jirani mmoja wa kutoka Uvira, anauza viatu sokoni, nitamwita Fortunat. Huyu Fortunat tangu mwanzo yuko upande wa mashine imeharibika. Akasema, "Iyo mashine ni ya kutupa. Mutoto hakukuwa." Amira akamjibu, "Alikuwa. Ni wao walimusahau." Alisema kwa ukali hata mama akageuka kumtazama, Fortunat akacheka, tukaendelea.

Ikafika pale wenye nyumba wamechoka na wameamua mashine izimwe. Fundi amekuja na vifaa vyake, mashine inajua, lakini haikimbii, inaomba tu iandae meza mara ya mwisho. Ikaweka ile sahani ndogo, ikavuta kiti, ikakifuta kwa kitambaa, ikasimama inangoja. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Mama Léocadie, nililia. Sisemi machozi yalinilengalenga, nasema nililia kwa sauti, mabega yanatikisika, kamasi zinatoka, nikashindwa kujizuia, mbele ya mama yangu, kwa ajili ya bati na nyaya, mimi ambaye kila siku nafungua mashine na kutupa vipande vyake kwenye pipa.

Fortunat akasema, "Ee, fundi, unalilia chuma? Baba yako hukumulilia, unalilia chuma?" Mama akamnyamazisha kwa mkono, akaniuliza polepole, "Mwanangu, unalia nini?" Nikautazama uso wake nikaona nikisema kweli nitakuwa nimemmaliza, mdomo ukasema wenyewe, "Namulilia baba."

Mama alinikumbatia, akalia, akasema alhamdulillah. Fortunat akavua kofia akaniomba msamaha, na kesho yake alimletea mama sukari akisema amejuta sana kwa mdomo wake. Tangu siku hiyo mama amebadilika, anakula, anatoka nje, amewasimulia majirani, amewapigia simu ndugu zetu wa Kigoma kuwaambia kwamba mwanangu amemlilia baba yake. Na sasa anataka siku ya hitima ya arobaini nisimame niwaambie watu jinsi huzuni ilivyonishika. Kila anaponitazama kwa huruma natamani ardhi inimeze.

Na Amira naye. Asubuhi yake tulipobaki peke yetu aliniambia, "We hukumulilia baba. Mi nilikuwa pembeni yako. Ulianza wakati wa kiti." Nikamwomba asimwambie mama. Akasema, "Apana, sitamwambia. Lakini mwaka jana hukulia, nikasema basi, ni vile uko, bwana yangu hana machozi. Kumbe unayo." Tangu hapo hataki kuitazama tena ile seri, ikianza yeye anakwenda uani kuosha vyombo hata kama ni visafi. Nadhani amekasirika kwa sababu nilimdanganya mama, maana hapendi uongo. Huo mwaka jana anaousema ni ile mimba yake iliyotoka, lakini haikuwa imefika mbali, watu wote walisema haijawa mtoto bado, na ni mipango ya Mungu. Siku hiyo mimi nilimpeleka hospitali, na alasiri nikarudi garajini kumaliza gari la mteja wa Mutanga Nord aliyekuwa na safari.

Kwa hiyo nishauri, mama yangu. Nitakwepaje kusema kwenye hitima? Nimwambie mama ukweli nimuumize upya, au niuache uongo ambao umemponya? Na mtu anayelilia mashine wakati hakumlilia baba yake mzazi, ana ugonjwa gani? Nina haya hata ya kupita barabarani.

Fundi mwenye haya, Buyenzi

*

Mwanangu fundi,

Nilianza barua yako nikicheka, nisamehe, na nilipofika mwisho kicheko kilikuwa kimekwisha zamani.

Kwanza nikutoe wasiwasi wa ugonjwa. Tangu seri hiyo ianze mimi sina raha. Kuna mama wa Gihosha amegoma kumpikia mumewe mpaka akubali kwamba mtoto alikuwapo. Kuna kijana wa Ruziba ananipigia simu nimwambie mwisho wake, kana kwamba ni mimi niliyeitunga. Kwangu mwenyewe mume wangu yuko upande wa Fortunat wako, na siku ya seri tunalala tumegeuziana mgongo. Kwa hiyo usijione kituko. Kama kulilia mashine ni ugonjwa, nusu ya Bujumbura ilazwe.

Tuje kwa mama yako. Ulimwonea huruma, nakuelewa, lakini njia ya mwongo ni fupi, na ya kwako inaishia kwenye hitima ya baba yako mwenyewe, mbele ya masheikh na wajomba. Utasimama hapo useme nini? Nenda kwake ukiwa peke yako, umwambie, "Mama, siku ile machozi hayakuwa ya baba. Ya baba bado hayajaja, na hata mimi yananitisha." Atakasirika, mwache akasirike. Ameishi miaka mingi, amezika wengi, anajua kwamba wapo waliogaagaa makaburini na wakasahau kabla chai haijapoa, na wapo waliopanga viti kwa sababu mikono yao ndiyo ilikuwa inalia. Na usijidanganye kwamba hasomi. Gazeti likifika Buyenzi asubuhi, mchana atakuwa amekwisha kusomewa mpaka matangazo ya viwanja. Fortunat naye mwambie mwenyewe, maana maskini kofia aliivua bure.

Hilo la mama ndilo dogo.

Baba, umeniandikia kirefu juu ya sahani na kiti cha mtoto ambaye watu wote walisema hakuwapo, ila mmoja tu ndiye aliyemkumbuka. Umeieleza vizuri, hata mimi nilipofika kwenye kitambaa nilisimama kidogo. Halafu ukafika kwa mke wako, ukaniambia kwa haraka haraka kwamba mimba yake ilitoka, watu wote walisema haijawa mtoto, na ukarudi garajini. Umeandika "mimba yake." Aliipata wapi peke yake? Wewe unayesikia gari likikohoa barabarani ukajua limeugua wapi, hili hukulisikia? Nyumbani kwako yuko mtu anayemkumbuka mtoto, na mwaka mzima mmemfanya kama aliyeharibika kichwa. Alipomjibu Fortunat kwa ukali hakuwa na habari na televisheni.

Unaniuliza ulilia nini. Mimi si sheikh wala daktari, lakini wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua, na wewe uliyaficha hadi ukajificha mwenyewe. Ulimlilia mwanao. Umechelewa, lakini ulimlilia, na mama yake alikuwa amekaa bega kwa bega na wewe akikusikia, akangoja umgeukie, na wewe ukageuka upande wa pili ukataja msiba mwingine. Nakuonea huruma, kweli nakuonea. Lakini yeye namwonea huruma zaidi, na ningekuwa karibu ningekufinya.

Sasa sikiliza. Kabla ya kwenda kwa mama, anza na Amira. Funga garaji mapema, wateja watanuna, wanune. Usimpelekee kitenge wala brosheti za mbuzi, hujaenda kumposa. Mfuate hukohuko uani kwenye vyombo vyake visafi, chukua kitambaa ufute naye. Usimwambie Mungu atatupa mwingine, hilo ameambiwa na kila aliyekuja na chupa ya chai, na halijamsaidia kitu. Usianze kumweleza habari za mteja na safari yake. Mwambie, "Siku ile nilimlilia mtoto wetu na sikujua." Akikutukana, pokea. Akinyamaza, kaa hapohapo mpaka giza liwakute. Halafu muulize alikuwa amempa jina gani, kwa sababu wanawake tuko hivyo, mimba ya miezi miwili tayari ina jina, tunalisema tukiwa peke yetu jikoni, na likikosa wa kuambiwa linakaa hapa kooni.

Hitima ikifika, dua waachie wenye dua. Wewe gawa chai kama mtoto wa nyumba, na chozi la baba likikukuta hapo au likikukuta chini ya gari la mtu mwaka ujao, lipokee tu, halina saa yake.

Neno moja zaidi. Uliandika kwenye gazeti ambalo mkeo analisoma, ukasema yeye analijua tayari. Anajua ulilia. Lakini kama wewe mwenyewe unajua ulimlilia nani, hilo yeye hajui. Nashuku ulitaka nimwambie mimi kwa niaba yako, na kazi hiyo siifanyi. Ndiyo maana jibu hili nimekutumia kwenye simu, kwa namba uliyoniachia, tangu Jumatatu, ili Ijumaa ikute umekwisha kusema.

Na wewe dada, ninayekuita Amira, kama unasoma hapa na mpaka sasa hajakuuliza, basi nakuuliza mimi. Mwanao ulimwita nani? Niandikie.

Mama Léocadie