Paja la Dinosaria

Mama, shikamoo. Nakuandikia kutoka Koboko, vumbi limenipaka rangi ya tofali.

Dinosaria wangu wa plasta, yule wa kale mwenye ukubwa wa kuku, kesho nampeleka shule moja ya Arua. Ni nakala ya mifupa iliyofukuliwa bila paja la kushoto wala shingo, nami naona aibu mbele ya wanafunzi. Leo mwenyeji wangu, Mama Zaitun, amenichinjia kuku. Tulipomaliza kula akaosha mfupa wa paja, akaufunga kwa uzi penye pengo.

"Hii yako iko kuku ya zamani," akasema. "Iko tu na meno."

Mfupa umekaa sawasawa. Mimi nimesoma miaka minne kujua kwamba ndege wametoka kwa dinosaria. Yeye amejua kwa kula.

Nimekukumbuka sana. Yule jogoo wako usimchinje mpaka nirudi. Shingo bado hatuna.