Jumatano za Mzee wa Reli

Kaloleni, Nairobi
11 Februari 1996

Mpendwa Mama,

Pokea salamu zangu. Natumaini mguu umepoa na unapata usingizi. Mimi ni mzima.

Mwalimu mkuu wetu, Bwana Matheka, amenikabidhi mambo yote ambayo watoto wanafanya nje ya darasa. Kiwanda kimoja cha Baba Dogo kinatugawia masalio ya uzi, wasichana wanafuma sweta. Jumamosi kuna kwaya ukumbini. Na kila Jumatano nawapeleka darasa la saba kwenye nyumba ya wazee ya kanisa. Kila mtoto ana mzee wake. Anamsomea gazeti, anamkata kucha, kisha anaandika maisha ya huyo mzee kwenye daftari. Shule rafiki ya ng'ambo imeahidi kuchapisha maandishi hayo yawe kitabu. Siku ya wazazi, mwezi wa Julai, watoto watasoma mbele ya watu.

Basi nina kazi. Nisalimie majirani.

Mwanao,
Triza


Funyula
2 Machi 1996

Mwanangu Triza,

Barua nimeipata, asante. Mguu bado unauma lakini nafika kanisani. Shamba tumelima, tunangoja mvua tupande. Mjomba wako Mulama anakusalimu.

Hiyo kazi ya wazee imenishangaza. Hawana watu wao? Huku mtu akizeeka analetewa uji na wajukuu wake. Lakini wewe ndiye mwalimu. Angalia tu watoto wasirudi na kifua.

Mama yako


Kaloleni
28 Machi 1996

Mama,

Salamu. Sijui kama mvua imefika huko. Barua hii nimeianza mara tatu.

Kuna msichana anaitwa Nzilani, anaandika vizuri kuliko wote darasani. Mzee wake si msemaji, na pale wote wanamwita Mzee wa Reli, hata mimi sikuwahi kusikia jina jingine. Ijumaa nilikuwa nasahihisha madaftari. Nzilani ameandika hivi: "Jina lake ni Patrobas Wabwire. Alizaliwa Funyula. Alikuwa fundi wa injini za reli. Mwaka wa 1971 aliacha mke na mtoto mmoja msichana, Triza. Hakurudi."

Nilisahihisha herufi kubwa mahali alipokosea. Nikampa nane kwa kumi. Kisha nikasahihisha madaftari yaliyobaki, yote kumi na tisa.

Jumatano nilisimama karibu na kitanda chake. Amekonda, jicho moja lina ukungu. Aliuliza kama mimi ndiye mwalimu wa watoto, nikasema ndiyo. Akasema wana adabu. Nikasonga kwa mzee mwingine.

Mama, nilikuwapo tulipomzika. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Triza


Funyula
9 Juni 1996

Mwanangu Triza,

Habari za siku nyingi. Sisi wazima. Ng'ombe mwekundu amezaa, ndama jike.

Barua yako niliipata Aprili.

Baba yako alikaa miaka saba bila kurudi, na mwili hatukuuona. Wazee wakakata shina la mgomba, tukalivika shati lake, tukalizika kama desturi inavyotaka. Pasta aliomba. Kaburi liko mbele ya nyumba, unalijua. Mtu aliyezikwa harudi kwenye boma lake. Wazee watakataa, na mimi pia nitakataa.

Huyo mzee mpe chai kama unavyowapa wengine. Usiniandikie habari zake tena.

Mama yako


Kaloleni
31 Julai 1996

Mpendwa Mama,

Nafurahi kusikia habari ya ndama. Ulinikataza, lakini naandika.

Siku ya wazazi ilikuwa Jumamosi iliyopita. Wiki moja kabla, nilimwomba Nzilani aondoe majina katika maandishi yake. Akaniangalia. "Mwalimu, ulituambia tusibadilishe walichosema." Ni kweli nilisema. Nikamwachia.

Wazee waliletwa, wakaketi mbele. Nzilani alisoma ukumbi mzima ukisikia. Alipofika kwenye jina langu, Bwana Matheka aligeuka akanitazama, na walimu wengine pia. Mimi nilikuwa natazama viatu vya wanakwaya, vingine havikuwa na kamba. Watu walipopiga makofi nikampelekea yule mzee soda. Nikamwambia, "Mimi ndiye Triza."

"Najua," akasema. "Siku ya kwanza ulijitambulisha kwa majina yako yote mawili. Tena una paji la uso la mama yangu."

Nikamwuliza mbona hakusema.

"Nilisema. Nilimwambia yule mtoto, maana nilijua ni wewe unayesahihisha."

Akanieleza kwamba alifutwa kazi, akaona haya kurudi mikono mitupu, na kila mwaka ukipita haya ikazidi. Baadaye mtu wa nyumbani akamwambia kwamba ameshazikwa. Nilimsikiliza kama mtu anavyosikiliza taarifa ya habari ya redio. Natafuta hasira siioni. Machozi pia siyaoni. Nilirudi nyumbani, nikapika sukuma wiki, nikala, nikalala.

Mwanao,
Triza


Kaloleni
17 Oktoba 1996

Mama,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Nampa mtu anayesafiri kwa basi la Busia ili ifike upesi.

Mzee alifariki Jumatatu. Ni kifua. Jana niliwapeleka watoto kama kawaida. Nzilani alikaa kando ya kitanda kitupu na daftari lake mpaka mlezi akampa mzee mwingine.

Mwili uko mochari, na mimi ndiye niliyeandikwa kuwa jamaa yake. Wananiuliza atapelekwa wapi. Nimewaambia nangoja neno kutoka nyumbani.

Triza


Funyula
19 Oktoba 1996

Triza mwanangu,

Aliyeleta barua anarudi Nairobi kesho, kwa hiyo naandika haraka. Mimi mzima. Pole, mama. Sijui kama pole yangu inakufaa.

Asiletwe huku.

Kuna jambo sikukwambia. Mwaka wa 1976 Mulama alirudi kutoka Nairobi akaniambia amemwona Patrobas sokoni Gikomba, mzima, amevaa koti jipya. Nilimwomba mjomba wako asimwambie mtu. Nikangoja miaka miwili. Wakati huo watoto wenzako shuleni walikuwa wameanza kukuuliza baba yako yuko wapi, ukawa unarudi nyumbani hutaki kuongea na mtu. Ndipo mimi mwenyewe nikawaendea wazee, nikasema mume wangu amekufa, naomba azikwe. Nilitaka uwe mtoto wa marehemu, usiwe mtoto wa mtu aliyekukimbia. Nilitembea nyuma ya ule mgomba nikilia, na watu wakasema kweli huyu alimpenda mumewe. Hawakukosea.

Mzike huko. Hao watoto wako wa Jumatano wakitaka kuimba, waimbe. Mimi sitakuja. Nilishamlilia.

Mama yako